Mandhari kama Shahidi: Ardhi, Jamii na Nafasi ya Mpelelezi katika Riwaya na Filamu za Uhalifu za Kinordiki na za Kiswahili, kwa Mtazamo wa Kutoka Kizota, Dodoma

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hususani ule unaofundishwa shuleni na vyuoni, mandhari huwekwa kwenye orodha ya vipengele vya fani pamoja na wahusika, muundo, mtindo na matumizi ya lugha. Mhakiki hukitaja kipengele hicho kwa sentensi mbili au tatu, kwamba mtunzi ametumia mandhari ya mjini na ya kijijini, kisha huhamia kipengele kinachofuata. Utaratibu huo humsaidia mwanafunzi asisahau kitu. Hata hivyo, una hasara yake: humzoesha msomaji kuona mahali kuwa ni jukwaa tupu ambalo juu yake watu hutenda mambo yao.

Riwaya ya uhalifu haikubaliani na mazoea hayo. Katika utanzu huu, mwili hauwezi kupatikana pasipo mahali. Lazima ulale juu ya ardhi yenye mwenyewe, kando ya njia inayopitwa na watu fulani na kukwepwa na wengine. Nyayo, tope, vumbi, giza na mwanga ni sehemu ya ushahidi. Kwa hiyo, anayetaka kujua jamii inavyojitazama kupitia riwaya ya uhalifu hana budi kuuliza swali ambalo orodha ya fani hailiulizi: mandhari katika kazi hii yanashuhudia nini, na ni nani aliyepewa uwezo wa kuusikiliza ushahidi huo?

Makala hii inalijibu swali hilo kwa kulinganisha mapokeo mawili. La kwanza ni la nchi za Nordiki, yaani Sweden, Norway, Denmark, Iceland na Finland, ambako riwaya na filamu za uhalifu zimejulikana duniani kwa namna zinavyofungamanisha jamii na sura ya nchi. La pili ni la riwaya ya upelelezi ya Kiswahili tangu Muhammed Said Abdulla. Hoja inayojengwa ni kwamba tofauti kati ya mapokeo haya haitokani na moja kuwa na mandhari na jingine kuyakosa. Inatokana na nafasi ya mpelelezi katika jamii yake. Mpelelezi huiona ardhi anayowajibika kwayo. Ile asiyowajibika kwayo huipita kama abiria.

Uchambuzi unaongozwa na dhana ya kronotopo ya Mikhail Bakhtin, inayosisitiza kwamba katika riwaya wakati na mahali havitenganishwi: wakati huonekana kwa macho kupitia mahali, na mahali hupata maana kupitia wakati. Kizota, kata iliyo upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma, imechaguliwa kuwa kituo cha kutazamia. Sababu si kwamba riwaya zinazochambuliwa zinaizungumzia. Sababu ni kwamba haziizungumzii, na ukimya huo nao unahitaji kuchambuliwa.

2.0 Mandhari na Dola katika Kazi za Kinordiki

Mwanzo wa mapokeo ya kisasa ya Kinordiki huhusishwa na Maj Sjöwall na Per Wahlöö, waandishi wa Sweden waliotunga kwa pamoja riwaya kumi kati ya mwaka 1965 na 1975, zote zikimhusu askari mpelelezi Martin Beck. Riwaya ya kwanza, Roseanna (1965), inaanza kwenye mfereji. Mashine ya kuondoa tope inapofanya kazi yake ya kawaida, inauinua mwili wa mwanamke. Mfereji huo ni kazi ya umma, na uchimbaji wake ni huduma ya dola kwa raia. Dola inajitunza, na katika kujitunza inagundua jambo ambalo haikulitafuta. Kwa riwaya zote kumi, waandishi hao, waliokuwa na msimamo wa Kimarx, waliendelea kuuliza kama dola ya ustawi iliyosifika duniani ilikuwa inawalinda wanyonge kama ilivyodai.

Henning Mankell alilihamisha swali hilo kutoka Stockholm hadi Ystad, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Skåne. Katika Mördare utan ansikte (1991), riwaya ya kwanza ya mpelelezi Kurt Wallander, wazee wawili wanavamiwa katika nyumba yao ya shamba. Fununu kwamba wauaji ni wageni inapoenea, chuki dhidi ya wakimbizi inalipuka, na mkimbizi Msomali anauawa. Tambarare ya Skåne, yenye mashamba mapana na upepo usiozuiwa na kitu, si pambo hapa. Ni nchi ambayo mtu anaweza kuonekana kutoka mbali na bado akafa bila jirani kujua. Uwazi wa nchi unasimama kinyume na ufinyu wa mioyo, na Wallander, anayeendesha gari katika barabara zilezile kila siku, anaupima ufinyu huo nyumba kwa nyumba.

Katika Iceland, Arnaldur Indriðason anaifanya ardhi iseme kwa namna iliyo wazi zaidi. Riwaya yake Grafarþögn (2001) inaanza pale mfupa wa binadamu unapopatikana kwenye eneo la ujenzi pembezoni mwa Reykjavík, mji unapotanuka kuelekea ardhi iliyokuwa tupu. Mifupa hiyo inaurudisha uchunguzi kwenye miaka ya Vita Kuu ya Pili na kwenye ukatili uliofanyika ndani ya nyumba moja. Mji mpya unajengwa juu ya kaburi lisilo na alama. Riwaya yake nyingine, Mýrin (2000), iliyotengenezwa kuwa filamu na Baltasar Kormákur mwaka 2006, inaunganisha kinamasi kilicho chini ya nyumba na hazina ya taarifa za vinasaba za taifa. Yote mawili huhifadhi yale ambayo watu wangependa yasahaulike.

Filamu na tamthilia za runinga zimeongeza kile ambacho maneno hukipata kwa shida, yaani mwanga. Filamu ya Norway, Insomnia (1997), iliyoongozwa na Erik Skjoldbjærg, inampeleka mpelelezi kaskazini ya mbali wakati wa majira ambayo jua halizami. Katika ukungu, anampiga risasi mwenzake na kumuua, kisha anaificha kweli. Tangu hapo hapati usingizi. Aghalabu katika hadithi za uhalifu, giza ndilo humficha mwovu. Hapa mwanga usiokoma ndio humtesa. Tamthilia ya Bron (2011) nayo inaulaza mwili katikati ya daraja linaloziunganisha Sweden na Denmark, juu ya mstari wa mpaka, hivyo askari wa nchi mbili wanalazimika kuulizana wajibu wa nani unaanzia wapi.

Jambo moja linaziunganisha kazi hizi. Katika nyingi kati yake, mpelelezi ni askari wa eneo lenye mipaka. Ana kituo, bosi, faili na wilaya. Anachokigundua juu ya ardhi hiyo kinamhusu kama mtumishi wa dola, na mara nyingi kinamvunja moyo kwa sababu bado anaamini kwamba dola inapaswa kuwa njema. Huzuni inayosifika katika kazi za Kinordiki haitokani na theluji. Inatokana na matumaini ya raia kwa dola yanapokutana na ushahidi uliolala ardhini.

3.0 Mandhari na Mpelelezi katika Kazi za Kiswahili

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili haikuanza ikiwa na upofu wa mandhari. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda katika shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, inaanzia mahali kama kazi yoyote ya Kinordiki. Mwenye shamba anauawa, na mwili wake unapatikana kwenye mzimu, mahali panapoogopwa. Kwa wenyeji, mahali penyewe ni maelezo tosha: aliyefia mzimuni ameuawa na mzimu. Muuaji anaitumia imani hiyo kama wengine wanavyotumia giza. Kazi ya Bwana Msa, mvuta kiko mwenye akili kali, ni kuutenganisha mzimu na mkono wa binadamu.

Mandhari haya yana historia. Unguja ya Abdulla ni ya wenye mashamba, watumishi, urithi na nasaba zilizofichwa. Abdulla mwenyewe alifanya kazi katika Idara ya Afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari, na baadaye alihariri jarida la kilimo, Mkulima. Siri katika riwaya zake hufukuliwa kwa kujua nani ni mtoto wa nani na nani atarithi nini. Hata jina la Kisima cha Giningi (1968) linaelekeza mahali, kwa kuwa Giningi katika masimulizi ya Unguja huhusishwa na wachawi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, mashamba makubwa yalitaifishwa na ardhi ikagawiwa wananchi kwa eka tatu tatu. Kronotopo ya shamba la bwana, ambayo ilimpa Bwana Msa kazi ya kwanza, ikabadilika kabisa.

Hata hivyo, Bwana Msa si askari. Ni muungwana anayealikwa au anayejikuta karibu na tukio. Polisi wamo, lakini ufumbuzi ni wake. Anaisoma ardhi kwa jicho la mgeni mwenye busara, na kitendawili kikifumbuliwa huondoka. Haachiwi wilaya ya kurudi kesho yake.

Katika miaka ya 1970 riwaya ilipanda ndege. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyetambulishwa katika Kufa na Kupona (1974) na kurejea katika Kikosi cha Kisasi (1979), ni jasusi anayepigania ukombozi wa Afrika dhidi ya makaburu na mawakala wao. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na riwaya hizi zilibeba fahari na hofu za wakati huo kwa uaminifu ambao wahakiki wa riwaya pendwa hawakuukiri kila mara. Mandhari ya Gamba yanamfuata kazini: viwanja vya ndege, hoteli, barabara za miji mikuu, vyumba vya mikutano ya siri. Bara zima liko chini ya miguu yake, na kwa sababu hiyo hakuna kipande cha ardhi anachokifahamu kwa undani. Ulinganisho na Mankell una manufaa hapa. Katika Den vita lejoninnan (1993), Mankell naye aliunganisha riwaya ya uhalifu na siasa ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Lakini njama hiyo ya mbali inamfikia Wallander kupitia mwanamke aliyepotea katika mashamba ya Skåne. Mankell aliileta dunia wilayani. Musiba alimtoa mpelelezi wake kwenda duniani.

Ben Mtobwa, kupitia Joram Kiango, alirithi kasi ya Musiba akaiongezea usiku wa mji. Kiango ni mpelelezi wa kujitegemea. Katika riwaya ya Mtobwa, jiji lina mwili na tamaa, na jina la Dar es Salaam Usiku (1990) latosha kuonyesha kwamba kwake wakati na mahali ni kitu kimoja. Katika mji huu uhalifu haujifichi chini ya ardhi. Umo katika mwendo wa fedha, pombe, magari na watu wanaobadili majina. Huu ni uhalisi wa aina yake: jamii ambayo wakazi wake wengi wametoka mahali pengine haiwezi kusomwa kwa nasaba kama shamba la Unguja.

Filamu ya Nairobi Half Life (2012) ya David "Tosh" Gitonga inaonyesha njia waliyopita wakazi hao. Mwas, kijana wa kijijini anayeota kuwa mwigizaji, anakwenda Nairobi, anaporwa punde tu anapofika, anaishia rumande na hatimaye katika genge. Kijiji kipo, lakini ni mahali pa kuondokea. Kamera ikishaingia mjini, ardhi iliyoachwa nyuma hubaki kuwa kumbukumbu.

Kwa muhtasari, mpelelezi wa Kiswahili amekuwa muungwana, jasusi au mtu huru wa mjini. Kila mmoja ameona sehemu ya jamii ambayo mwingine asingeiona. Ambaye hajapewa nafasi katika riwaya hizi ni yule anayefungwa na eneo moja, anayelipwa kulitunza, na atakayeulizwa kesho kuhusu alichokiona jana.

4.0 Kizota na Uwanda wa Kati: Ushahidi Usiosikilizwa

Anayezisoma riwaya hizi akiwa Kizota hukutana na jambo la ajabu kidogo. Anazipenda, anazifuata hadi ukurasa wa mwisho, lakini nchi inayomzunguka haimo. Katika riwaya za Gamba na Kiango zilizotajwa hapa, uwanda wa kati si mahali pa tukio. Ingeweza kudhaniwa kwamba sababu ni uchache wa visa: nchi kavu, mvua ya msimu mmoja, mibuyu na vichaka. Dhana hiyo haina msingi. Ardhi ya Dodoma imejaa mambo yanayodai upelelezi. Mifano mitatu inatosha.

Mfano wa kwanza ni wa njaa. Kizota ina maghala ya akiba ya nafaka ya taifa. Kwa mpita njia hayo ni majengo tu. Kwa mwenye kumbukumbu ya Ugogo, ghala la nafaka ni jibu la historia ndefu. Njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, mifugo na wapagazi katika vita ambavyo Wagogo hawakuvianzisha. Vifo vilihesabiwa kuwa vya njaa, na njaa haishtakiwi. Mtunzi wa Kinordiki angeuliza palepale: nani alitia sahihi ya kuchukua nafaka?

Mfano wa pili ni wa udongo. Makorongo ya Kondoa yamekuwa yakitazamwa kama jeraha la ardhi tangu enzi ya ukoloni. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoathirika. Uoto ulirejea kwa kiasi kikubwa, na wafugaji walibeba gharama. Hapa kuna mkutano wa mapokeo mawili ambao haukupangwa. Katika muongo uleule ambao Sjöwall na Wahlöö walikuwa wakiihoji dola ya Sweden katika riwaya zao, dola hiyo ilikuwa Kondoa ikiwa mfadhili. Swali la nani aliyelichimba korongo, ng'ombe, mvua, sera za zamani au vyote kwa pamoja, ni la kipelelezi kwa maana kamili ya neno. Ng'ombe alihukumiwa, shauri lingeweza kusikilizwa tena katika riwaya.

Mfano wa tatu ni wa viwanja. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, mwaka 2017 Mamlaka hiyo ikavunjwa kufuatia malalamiko ya muda mrefu ya wananchi kuhusu ardhi, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Kila hatua iliandika ramani mpya juu ya ramani ya zamani. Palipokuwa na tembe pakapimwa barabara. Palipokuwa na shamba la uwele au kaburi la babu pakasimikwa bikoni. Kata kama Kizota, zinazopokea mji unaotanuka, zinafanana na Reykjavík ya Grafarþögn kuliko zinavyofanana na Dar es Salaam ya Kiango. Msingi wa nyumba mpya ukichimbwa, kinachoweza kufukuliwa si mfupa tu. Ni dai la mtu.

5.0 Mpelelezi Mwenye Eneo

Yaweza kupingwa kwamba ulinganisho huu unamtaka mwandishi wa Kiswahili aige Ulaya. Pingamizi hilo ni la haki. Mandhari ya Kinordiki yamegeuka pia kuwa bidhaa: watalii huenda Ystad kufuata nyayo za Wallander, mtu ambaye hakuwahi kuishi. Kuiga hali ya hewa ya wengine, ukungu badala ya vumbi na huzuni badala ya ucheshi, kungezaa riwaya isiyo na mwenyewe. Isitoshe, matumaini kwa dola ambayo kazi za Kinordiki huyaegemea hayawezi kuhamishwa kwa kalamu. Abdulla, Musiba na Mtobwa walikuwa na sababu za kutomweka askari wa kituo katikati ya hadithi zao, na wasomaji waliwaelewa.

Kinachofaa kujifunzwa ni mpangilio wa wajibu. Uwanda wa kati una watu wengi ambao kazi yao ni kuijua ardhi na kuulizwa juu yake: mpimaji ardhi, mtendaji wa kata, mjumbe wa nyumba kumi, mzee wa Baraza la Kata, bwana shamba. Mtu wa namna hiyo huujua mpaka kwa mti na mti kwa jina la aliyeupanda. Anamjua mlalamikaji na mlalamikiwa, naye ataendelea kuishi kati yao baada ya hukumu. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyetunga mashairi na kuandika historia, mila na desturi za watu wake, alikuwa pia mtumishi wa mahakama. Maisha yake yanathibitisha kwamba ujuzi wa sheria, wa ardhi na wa lugha unaweza kukaa katika mtu mmoja uwandani. Riwaya ya uhalifu ingeweza kumpokea mhusika kama huyo.

Mpelelezi huyo angebadili hata sarufi ya mandhari. Vumbi la kiangazi huhifadhi nyayo asubuhi, na upepo huzifuta mchana. Muda wa uchunguzi ungepimwa kwa upepo. Mto wa mchanga hukaa mkavu miezi mingi, kisha hujaa kwa saa chache na kuhamisha kilichozikwa. Masika yangekuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Jua kali lisilo na kivuli lingeweza kufanya kazi ileile iliyofanywa na jua la usiku katika Insomnia, bila kumwazima Mnorway chochote.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mandhari katika riwaya na filamu za uhalifu si kipengele cha kutajwa na kupitwa. Ni shahidi, na ushahidi wake hutegemea nani ametumwa kuuchukua. Kazi za Kinordiki zimempa jukumu hilo mtumishi wa eneo dogo, ndiyo maana mfereji, tambarare, kinamasi na daraja vimeweza kuishtaki dola. Kazi za Kiswahili zimempa muungwana, jasusi na mtu wa mjini, ndiyo maana zimelisoma shamba la Unguja, zikalitetea bara zima na kuufahamu usiku wa Dar es Salaam, huku uwanda wa kati ukibaki nje ya maelezo.

Gharama ya ukimya huo si ya kifasihi pekee. Mahali pasiposimuliwa ni rahisi kupimwa upya kana kwamba palikuwa patupu. Mwenye tembe aliyehamishwa, mfugaji aliyeondolewa na mzazi aliyezikwa mahali ambapo sasa ni barabara hawana faili katika ofisi yoyote ya kubuni, na ofisi za kubuni huzoesha jamii kuzihoji ofisi halisi. Wahakiki wanaweza kuanza kwa jambo dogo: kuitoa mandhari kwenye orodha ya fani na kuisoma kama hoja. Kwa watunzi, ardhi ipo Kizota, na ushahidi haujafutika wote.